Amesaini Mwenyewe

Mwenzangu, usinipigie, bado niko kazini masjala.

Yule mheshimiwa wa mswada wa wakimbizi amekuja hapa. Yule anayetaka kila aliyepitia nchi nyingine kabla ya kuomba hifadhi akataliwe. Mswada huohuo utakaomrudisha mume wa dada yangu alikokimbia, kisa alilala wiki moja tu katika nchi ya njiani.

Amekuja kuchukua faili la marehemu mama yake. Eti kumbukumbu ya familia.

Faili la kuomba hifadhi. La mama yake mzazi.

Nimelifungua. Mama wa watu alipitia nchi mbili, mheshimiwa akiwa mgongoni.

Mbili, mwenzangu.

Akaniambia, "Dada, nipe tu, mambo ya kuandikiana ya nini." Nikamwambia hapa faili halitoki bila daftari, hata kwa waziri. Nikaandika jina la mama, mwaka, na nchi alizopitia, kama tunavyoandika kila siku. Akasaini bila kusoma, macho yakiwa kwenye simu.

Halafu akanigonga begani. "Hawa watu wametujaa mno, dada."

Ananiambia hayo na faili la mama yake liko kwapani.

Kesho kamati inaujadili mswada wake, na wameagiza daftari letu wajue ni wangapi walipitia nchi nyingine. Mkuki kwa nguruwe, si unajua. Nalipeleka mwenyewe, na ukurasa wake nimeshautia uzi mwekundu.

Faili alichome akitaka. Saini yake ninayo.