Masaa Kumi na Mawili

Cutler's Arm,
Newfoundland.
17 Agosti, 1999

Mdogo wangu mpendwa Ambrose,

Hujambo huko Alberta? Wifi yangu Yvette hajambo? Na wale watoto, bado wanakohoa? Sisi huku tuko wazima. Mama miguu inamsumbua, ila ulimi haujambo kabisa. Anauliza kama unakula.

Nakuandikia kwa sababu simu siiamini. Hata posta siwaamini. Barua hii nimekusudia kuizungushia utepe, maana yule wa dirisha la posta ni binamu yake Philomena wa kiwandani, na bahasha zangu huwa zinafika zimechoka kama zimefunguliwa njiani.

Uliniuliza mwezi uliopita kuhusu masaa yangu ya kiwandani, nikakwambia mambo safi. Nilikudanganya. Ili nipate mafao ya kukosa kazi majira ya baridi nahitaji masaa mia nne na ishirini. Ninayo mia nne na manane, na msimu wa kuvua kaa umekwisha. Nimepungukiwa kumi na mawili tu, Ambrose! Nikiyakosa, hatupati kitu mpaka kaa warudi Aprili, na itabidi nifunge nyumba ya baba nimlete Mama kwako. Unamjua. Kumtoa Mama hapa ni sawa na kung'oa jiko ukutani.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita Philomena alikuja kwangu, eti anaomba hamira. Huyu tunasimama naye meza moja mwaka wa kumi na moja tunakata miguu ya kaa, hajawahi kuishiwa hamira. Akakaa, akanywa chai, akachungulia kalenda yangu ukutani. Mara, "Hebu niambie shoga, umebakiza masaa mangapi?"

Unakumbuka majira ya kuchipua mtu aliwapigia simu watu wa mafao kumchongea mume wa Verna kuwa anaongeza masaa ya uongo? Mpaka leo hajulikani ni nani. Nikajisemea, ahaa, kumbe ni wewe. Nikamjibu, "Yametosha, tena yamezidi!" Akacheka, akaondoka na hamira yangu.

Alhamisi ikaingia boti ya mwisho ya kaa. Kazi ya zamu moja ndefu, masaa kumi na mawili kamili. Nikavaa mabuti tangu alfajiri, nikakaa karibu na simu. Bwana Leander, msimamizi, huita watu kwa kufuata orodha, wakongwe kwanza. Simu ikakaa kimya kama imekatwa. Kisha namwona Rosalind, mtoto wa juzi tu kazini, anapita dirishani kwangu na aproni mkononi. Nilitamani kulia. Nilijua kuna mkono wa mtu.

Jumapili baada ya misa nikamvaa Philomena uwanjani, mbele ya watu.

"Wewe ndiye uliyekata jina langu kwa Leander! Umeniibia zamu!"

"Nimekukata ndiyo," akasema, wala hakupepesa macho. "Si ulisema yamezidi? Wenye masaa ya kutosha tulijifanya wagonjwa ili zamu iwashukie waliopungukiwa. Mimi, Verna, na wale dada wawili wa mlimani, wote mafua. Nikamwambia Leander na wewe unaumwa, usije ukaamshwa bure."

Tumefanya hivyo kila mwaka, Ambrose, hata mimi nimeshaugua mafua nikiwa mzima nikapika mkate. Ndiyo maana alikuja kuniuliza. Hamira ilikuwa ya kuficha aibu yangu.

"Kwani yalipungua mangapi?" akauliza.

Niliingia kanisani, Mama alikuwa bado anasali, nikamshika mkono tukaenda nyumbani. Nimejipalia makaa mwenyewe, na nilikuwa na hasira naye kwa kuwa hana kosa.

Fomu ya mafao bado iko mezani, sijaigusa. Ina swali linasema, je, uko tayari kufanya kazi? Swali gani hilo kama si mtego? Tangu utoto mimi nimekuwa tayari.

Jana akaja tena. Safari hii hakuomba kitu. Akasema Ijumaa boti ya samaki heringi inatarajiwa ng'ambo ya ghuba, bahari ikitulia, na Leander anatafuta wanawake wachache wa kupakia. Akasimama mlangoni. "Dulcie, nakuuliza mara ya mwisho. Mangapi?"

Nilimtazama mikono, kama ana kalamu. Hakuwa nayo. Nikamwambia, "Kumi na mawili." Ilinitoka kwa shida kuliko maungamo. Akaitikia kwa kichwa tu, akasema nisisahau glovu, heringi wana baridi.

Mama hajui lolote, na usimwambie. Ila kile chumba mlichotuwekea, usimpe mtu mpaka Ijumaa ipite. Sitaki kukilala, lakini usimpe mtu.

Msalimie sana Yvette, Colm na Bridie, waambie shangazi yao amewawekea jamu ya matunda ya kinamasi. Mama anakupa baraka zake zote, na mimi namwomba Mungu akulinde na mashine za huko na akurudishe mzima mezani kwetu.

Dada yako akupendaye, mkaidi yuleyule,
Dulcie

Nyongeza: Philomena anapita posta sasa hivi, na barua hii nampa yeye aipeleke. Utepe sikuuweka.