Kuiona Vesta kwa Macho

Jumatatu, 19 Mei
Daktari kaja. Kamnong'oneza binti yangu mlangoni kwamba kilichobaki ni kunipunguzia maumivu tu. Masikio yangu bado mazima, daktari!
Basi nikiri. Maisha yangu yote ya kazi nimepima mwanga wa Vesta, jiwe kubwa linalozunguka jua huko kati ya Mirihi na Mshtarii. Wanafunzi walidhani nalijua kama kiganja changu. Sijapata kuliona! Kwenye darubini ya kazini, mahali pa jicho palifungwa kipimo. Niliona tarakimu tu — nikazipenda.
Nataka kuliona.

Jumanne, 20 Mei
Mdogo wangu, fundi bomba mstaafu, kaazima darubini ndogo, kaisimamisha kibarazani. Binti kagoma: baridi, kifua. "Mjomba, unataka kumuua mama?" Kajibu kwamba kufa nitakufa tu, afadhali nife nimeona. Binti kacheka, kalia, kaleta blanketi.
Giza lilipoingia tu, nikachungulia. Nukta saba, tatu zinang'aa sawasawa. Mdogo wangu naye kachungulia. "Jiwe la upana wa kilomita mia tano, ndiyo hii? Dada, hiki ndicho shemeji, mumeo, alichokuwa akikinunia ukikesha kazini?"
Ipi sasa? Keshatoa simu itwambie. Nimemkataza. Nimeambiwa na mashine vya kutosha! Kuna njia ya zamani: nyota hukaa, jiwe huhama. Nimechora zote saba. Kesho nitazame tena, nione iliyohama.
Kesho — kama ipo.

Jumatano, 21 Mei
Mawingu. Nimetema damu.
Nalala nikiliwaza. Zamani liligongwa, kusini mwake pakabaki shimo pana karibu sawa na upana wake wote. Halikusambaratika. Bado linajizungusha, kila saa tano na ushee, halichelewi. Jamani, jiwe!

Alhamisi, 22 Mei
Kumetakata! Kusimama siwezi. Wamenibeba na kiti, mdogo wangu akikilaani kizingiti.
Darubini iko juu mno kwangu. Binti kachukua mchoro, kachungulia kwanza. Kisha kidole kwenye karatasi: "Mama, hii ya pembeni haipo."
Mjomba wake kauliza imekwenda wapi. Kasema anaiona, ile pale —
Nimepiga kelele. Asiseme!
Sasa wanaishusha darubini ifike usawa wa jicho langu. Skrubu imegoma. Mdogo wangu anaapa itafunguka. Binti kanishika shingo, mikono yake ya moto. Upesi basi, upesi —