Mtutu Mweupe Hautakuficha, Emory

"Ukiwa na mtutu usioshika kutu, kusafisha ni hiari." Hayo si maneno yangu, Bwana Hoke, ni ya shemeji yangu Randy, nami nayapinga kwa sababu nimeiona kutu ikifanya kazi, ila naomba msaada wako maana moyo hautulii na siku zinakwisha. Mwezi wa kumi nilitoka kuwinda kulungu na gobore la baba, lile la mtutu mweusi wa kibuluu alilolitunza miaka thelathini kisha akaniachia mimi magoti yake yalipomshinda, nikapiga mara mbili mvuani, nikakosa zote mbili, nikarudi na hasira zangu nikalisimamisha kabatini nikisema nitaliosha kesho, na kesho ikawa wiki tatu, na nilipopitisha kitambaa kikatoka rangi ya chai, huku kikikwaruza kama kinapita juu ya mchanga. Sasa kambini kwetu kwa uwindaji, siku inayofuata Krismasi, kabla mtu hajatoka, baba hukaa mezani akapitisha kitambaa cheupe katika kila mtutu, na kikitoka kichafu unabaki kumenya viazi, na mwaka jana alimwambia Randy mbele ya wote, "Mwanangu, bunduki haimwachi mtu, mtu ndiye anayeiacha," tukacheka mpaka Randy akaenda kukaa ndani ya gari. Sasa Randy anasema ninunue mtutu mweupe, ule wa chuma kisichoshika kutu, niufunge kwenye kitako kilekile, nimwambie baba ni kwa ajili ya theluji. Mke wangu Noreen anasema ninunue mweusi mpya unaofanana, mzee haoni vizuri. Ana miaka sabini na tisa, na amesema huu ndio mwaka wake wa mwisho kupanda kambini. Ninunue upi?

Emory Shoup, Pennsylvania

Hoke anajibu: Emory, umeniuliza rangi huku ukijua kabisa kwamba shida yako si rangi.

Nianze na Randy. "Usioshika kutu" ni jina alilolipenda muuza duka. Masizi ya baruti yana chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu haujui kusoma maandishi ya kiwandani. Mtutu mweusi hukusamehe jioni moja ya uvivu, mweupe labda siku mbili. Kwa nje, mweupe huvumilia theluji na jasho la mikono, mweusi haummulikii kulungu jua likitoka. Basi. Kwa wiki zako tatu, yote miwili ingeoza.

Noreen naye, kwa heshima zote, amekosea. Mzee haoni, lakini vidole vyake vinaona. Aliyepitisha ufito wa kusafishia katika mtutu mmoja miaka thelathini anaujua kama koo lake mwenyewe. Atagundua kabla kitambaa hakijafika chini, na mwaka wake wa mwisho atakumbuka kwamba mwanawe alimwona kipofu.

Nakuhurumia. Nami nilimenya viazi kambini kwetu mwaka niliotimiza arobaini, mbele ya wapwa zangu, na sikufa.

Usipige hata risasi moja kwa mtutu huo kabla fundi hajaukagua. Vishimo vya kutu vya juujuu atavisugua. Vikiwa vya kina, mtutu umekwisha. Halafu Jumapili hii, si Krismasi, upeleke kwa baba yako pamoja na kile kitambaa kichafu. Mpe ufito apitishe mwenyewe. Sema, "Baba, niliuacha," kisha nyamaza. Akimaliza kukusema, na mtutu ukiwa umekwisha, muulize ununue upi. Mimi ningechukua mweupe, kwa kuwa unawinda mvuani na tabia yako tumeijua. Akisema mweusi, ni mweusi. Na siku ya kambi ukichukue kisu cha viazi bila kuambiwa.

Nanyi wasomaji mliopiga mwezi wa kumi na hamjaosha mpaka leo, mnajijua, na wewe Randy wa kwanza: wekeni gazeti chini, chemsheni maji, tieni sabuni, leteni kitambaa cheupe. Sasa hivi, kabla hamjageuza ukurasa.