Nyanya Hakuingia

Jumamosi, 2 Novemba 1957
Zoezi la kukimbia maporomoko tena. Niligonga kipande cha reli, watoto wakatoka majumbani na kupanda mbio hadi darasa kubwa. Liko juu ya mwamba. Bwana shamba anasema hapo udongo hauwezi kuporomoka. Walifika wakicheka. Kwao ni mchezo. Vijana wa rika langu walisimama njiani wakinipigia makofi. “Mwalimu, mlima umeshakuja?” Wazee hawakutoka kabisa.

Wananiudhi. Ufa ulio juu ya mashamba sasa unameza mkono wangu mzima.

Jumanne, 5 Novemba
Nilikwenda kwa Nyanya, mama yake Mama, nikidhani haamini. Kumbe anaamini kunishinda. Alipokuwa msichana aliona mteremko ukifunika nyumba ya shangazi yake, watu na mbuzi. Ufa wa nyuma ya migomba yake alinionyesha mwenyewe.

Kwa nini basi haji? Aliniuliza: “Na babako akiwepo?”

Sikuwa nimelifikiria. Mimi, na masomo yangu yote. Mtu na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Na kila mzee hapa ana mkwe. Nilimwambia Baba yuko Voi, kazini kwenye reli, huja likizo tu. Akacheka. “Basi iombe mvua ifuate saa za treni.”

Jumatatu, 11 Novemba
Mwalimu mkuu amekubali wazee wapewe stoo ya shule, mbali na wakwe zao. Upande mmoja hauna paa. Vijana wameahidi kuezeka.

Baba amefika leo kwa likizo. Nilifurahi. Kisha nikaogopa.

Ijumaa, 15 Novemba
Mvua haikatiki. Vijana hawajaezeka. Wanasema watalowa. Nimewatukana. Haikusaidia.

Jumapili, 17 Novemba
Nyanya amekufa.

Siwezi.

Jumanne, 19 Novemba
Nitaandika, la sivyo sitalala.

Jumamosi asubuhi ufa ulifunguka, maji yakaingia ndani yake. Niligonga. Watoto walifika kwanza, halafu akina mama na wachanga mgongoni. Halafu nikawaona wazee wakipanda, gunia kichwani kila mmoja. Walikuwa wamesikia. Nililia kwa furaha. Stoo ilikuwa bwawa, kwa hiyo wote wakaelekezwa darasani.

Nyanya alifika mlangoni. Baba alikuwa ameketi karibu, amempakata mtoto wa jirani. Aliona miguu ya Nyanya, akaijua. Alimkabidhi Mama mtoto, akapenya katikati ya watu, akatoka kwa mlango wa nyuma ili ampishe. Akasimama kwenye mvua.

Nyanya hakujua kwamba Baba ametoka. Naye alikuwa amemwona ameketi, amekwisha kugeuka.

Nilikuwa ndani nawahesabu watoto. Nilisikia Mama akimwita. Nilipofika mlangoni Nyanya alikuwa mbali chini kwenye njia, anatembea polepole, hana hasira. Niliita. Kisha mteremko ukashuka. Sauti yake kama magunia ya mahindi yanayomwagwa, ila haikwisha.

Wengine wote ni wazima. Mwalimu mkuu anasema tushukuru, ni mtu mmoja tu. Namchukia. Nawachukia vijana. Nachukia heshima. Hapana. Heshima siwezi kuichukia. Baba na Nyanya, kila mmoja alitoka mvuani ili ampishe mwenzake.

Alhamisi, 21 Novemba
Wamempata. Baba alichimba siku zote nne. Walipomfikia, aliweka jembe chini akaondoka, wengine wakamtoa.

Jumapili, 24 Novemba
Jua. Kesho Baba anarudi Voi.

Jioni aliniomba nimpeleke kaburini. Alisimama mbali, kofia mkononi, akitazama pembeni. Nilidhani anaomba. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, Nyanya alikuwa na uso wa namna gani. Ni miaka ishirini na mitatu tangu amwoe binti yake.

Nilianza na meno, lile pengo la mbele lililoonekana akicheka. Nikaja kwenye macho. Nikakwama.

“Endelea,” alisema Baba.