Darasa la Kwanza Lililojaa Jiwe

Mjukuu wangu Furaha,

Unaandika kwamba mjomba wako anasema, "Shule ya masista ilikufa siku ya volkano." Si kweli, na nitamwambia usoni! Sisi huku Mabanga ni wazima, mama yako anakusalimu.

Lava ilijaza ghorofa ya chini ya shule, lilipokuwa darasa la kwanza. Watoto walikuwa wamekwisha kukimbia, wote wakaokoka. Mimi, mwalimu kijana, niliingia na wasichana wangu wa darasa kwa dirisha la juu, tukaendelea na masomo. Chini ya sakafu jiwe lilipoa likigonga: tok, tok. Wasichana walinong'ona kwamba darasa la kwanza wanapiga madawati.

Asubuhi moja waasi walikuja kukiteka chumba chetu cha juu wapate kulala humo.

"Mutoke, ba mama!"

Sakafu ikagonga.

"Ni nani iko huko chini?" kamanda aliuliza.

"Darasa la kwanza," Sista mkuu alijibu. "Wanawasikia."

Walitoka dirishani wakisukumana. Sista akainamia sakafu kushukuru. "Merci, batoto."

Jiwe lilipoa zamani. Jana nilifundisha pale, na liligonga.

Wewe na binamu zako wa Kinshasa, mukija likizo, mumlete mjomba wenu. Avue viatu, asimame kimya, kisha arudie maneno yake.

Bibi yako