Aliyeonja Kwanza

Jumatatu, 10 Februari
Foleni ya maji bombani, halafu shule. Mapumziko nimekaa na Odeta nyuma ya maabara kama kawaida. Viazi vyake, maandazi yangu. Amenipa uji wa chupa yake, lakini kwanza amekunywa yeye. Hufanya hivyo kila siku. Rehema wa darasani kwetu akapita akasema, "Odeta, mbakishie mwenzio, shoga." Tukacheka mimi naye. Odeta hakucheka.

Kisha akaniambia. Shangazi yake anayemlea hapa Rusimbi anahamia Tabora na mumewe. Wazazi wake wako Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi walikotokea. Huko ni safari ya boti. Hapa mjini hana mtu mwingine. Asipopata pa kukaa, kidato cha tatu ndiyo basi.

Kesho nitamwambia Mama.

Jumanne, 11 Februari
Nimemwambia Mama akiwa anachambua dagaa. Chumba changu kinatosha godoro la pili. Amesema kwanza amwone mama yake Odeta, mtoto wa watu hachukuliwi kama kuku. Hiyo si hapana. Naandika tena: si hapana.

Alhamisi, 13 Februari
Mama Odeta amefika kwa boti. Jumamosi wanakuja kula kwetu. Naogopa. Kiswahili chake ni kidogo, na sisi Kirundi hatujui. Wao Wakatoliki, sisi Waislamu. Mama amesema hilo halimsumbui, mradi nguruwe asiingie jikoni kwake. Nimefagia uani mara mbili.

Jumamosi, 15 Februari
Imeharibika.

Mama alipika wali na samaki, migebuka ya mawese, kama siku ya Idi. Akawanawisha wageni mikono yeye mwenyewe. Akawakaribisha. Kisha akakaa kusubiri, maana kwetu mwenyeji hatii mkono kwenye sinia kabla ya mgeni. Mama Odeta akatazama sinia, akamtazama Mama, mikono mapajani. Mama akakaribisha tena. Mgeni akashukuru kwa sauti ndogo na hakugusa kitu. Wali ukapoa. Mawese yakaanza kuganda. Odeta alitazama mkeka tu. Mwishowe mama yake akala matonge mawili, wakaaga, wakaondoka.

Mama aliosha vyombo. Ndipo akasema, "Wametuona wachawi. Anayeogopa mkono wangu hawezi kumlaza mwanawe kwangu."

Nimechukia. Sijui namchukia nani.

Jumapili, 16 Februari
Sikutoka nje. Mwalimu wa Uraia alitufundisha tusihukumu mila ya mtu kabla ya kumwuliza. Kwenye jaribio lile nilipata zote. Jana nilikaa palepale, kando ya sinia, na sikuuliza kitu.

Jumatatu, 17 Februari
Odeta amehama dawati. Mapumziko nimemfuata, nikamwuliza kwa hasira kwa nini mama yake alikataa chakula chetu. Akanishangaa.

"Zuhura, mama yako ndiye asiyetutaka. Hakuonja."

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Kwao mwenye kutoa huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba chakula ni salama na kimetolewa kwa moyo. Mwenyeji asipoonja, mgeni haanzi. Yale matonge mawili mama yake aliyameza kwa hofu, asimtie aibu binti yake.

Kumbe ule uji. Kila siku, tangu kidato cha kwanza. Nami nikidhani ni uroho.

Jumatano wanarudi Kagunga. Wote wawili.

Nyumbani nimemweleza Mama yote. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

Jumanne, 18 Februari
Bado hajajibu. Nimefungua baiolojia, nimesoma ukurasa uleule tu. Nikimtazama, anatazama kwingine. Mimi siwezi kumlazimisha mama yangu. Kesho boti inaondoka.

Jumatano, 19 Februari
Alfajiri Mama akasema nivae sare na nibebe kikombe. Yeye alishika chupa ya chai. Tukachukua bajaji hadi Kibirizi, zinakopakia boti. Njia nzima niliogopa kwamba boti imeshaondoka.

Ilikuwa bado inapakia magunia. Mama Odeta alikuwa amekaa juu ya furushi. Odeta kando yake, bila sare.

Mama akasalimia, basi. Akamimina chai. Akanywa funda moja, taratibu, akimtazama mwenzake. Kisha akampa kikombe kilekile kwa mikono miwili. Wapakiaji walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama hapo kuna ndoa inafungwa.

Mama Odeta akanywa yote. Akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Murakoze," akasema. Neno hilo nalijua sasa. Ni asante.

"Mwache asome, dada," Mama akasema. "Nitamwangalia."

Mama Odeta akapanda boti peke yake. Odeta akarudi na sisi, furushi lake mapajani mwangu.

Jumatatu, 24 Februari
Mvua kidogo asubuhi. Tumekwenda shule tukiwa chini ya mwavuli mmoja. Odeta amerudi kwenye dawati letu.

Mapumziko Rehema ameniomba maji. Nimefungua chupa, nikanywa kidogo, nikampa.

"Na wewe tena?" akasema.

Nikamwambia anywe tu, nitamweleza.

Amekunywa.