Kikohozi Changu Hakiambukizi

Jumapili. Mvua ya vuli inanyesha tangu alfajiri, na hapa Chukwani kwa mama nguo hazikauki. Moyo wangu leo mchungu kama shubiri.

Nilianza kukohoa kabla ya Ramadhani. Nikakonda, nikawa napanda ngazi huku nimeshika ukuta. Picha ya kifua ikaonesha mabaka. Makohozi yalipopimwa hayakuwa na kitu, lakini daktari wa kwanza alishikilia kuwa ni kifua kikuu, nikaanzishiwa dawa.

Nyumbani kwa mume wangu Haroub, kule Ng'ambo, mavyaa wangu, mama yake Haroub, alinitengea sahani na kikombe siku ileile. Mwanangu Rahma, wa miaka mitatu, akamhamishia chumbani kwake. Sikumlaumu. Kifua kikuu kinaambukiza. Nilipoamua kuja kwa mama, Haroub alinibebea begi mpaka mlangoni, akarudi ndani.

Dawa hazikunisaidia. Ndipo nikapelekwa Dar, wakanikata kinyama kidogo cha pafu wakakipima. Juzi majibu yakatoka.

"Huna kifua kikuu, wala hukuwa nacho," daktari wa huko akaniambia. "Seli zako za kinga zimejikusanya mapafuni zikafanya vinundu. Zinalivimbisha pafu kana kwamba kuna mdudu wa kupigana naye, na hakuna."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakuna ajuaye kwa hakika.

Akanipa vidonge vya kuzituliza seli hizo, akanionya kuwa vinapunguza kinga ya mwili, kwa hiyo nijiepushe na wenye mafua.

Leo nikaenda Ng'ambo mbio mbio na habari yangu. Nikamwamkia mavyaa, akaitika marahaba papo hapo mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikamweleza yote. Haroub alisimama nyuma yake, anasikiliza.

Rahma akatoka, kamasi zinamtiririka. Nikapiga magoti, nikamfungulia mikono.

Akaziba pua na mdomo kwa viganja viwili, akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake.

"Bibi kasema mama ana maradhi."

Haroub akatazama chini.

"Si umesema mwenyewe dawa zinakushushia kinga?" mavyaa akasema. "Na mtoto ana mafua. Mwache hapa hapa, mwanangu, kwa salama yako."

Kwa salama yangu!

Nimerudi peke yangu, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mavyaa hakusema uongo. Nilipodhaniwa hatari kwa mtoto, nilinyang'anywa. Leo mtoto ndiye hatari kwangu, na bado nanyang'anywa. Na yule niliyemtegemea aseme neno moja tu, "Mpe mwanawe," alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

Mafua yatakwisha, inshallah. Yakiisha tu nakwenda kumchukua, Haroub apende asipende.

Lakini mtoto aliyekwisha fundishwa kuogopa pumzi za mama yake, namfundishaje kuzizoea tena?